Cheti cha ADHD cha kulipia: kwa nini GP anakikataa, na uanzie wapi

Mdogo wangu alinipigia simu saa mbili usiku, sauti imemkauka. "Dada, wamekataa."

Nilijua anazungumzia nini. Mwezi mmoja nyuma zamu yake kwenye mchezo wa kuchangiana pesa ilikuwa imefika. Wenzake pesa kama hizo hununulia makochi, au tiketi ya kwenda kuwaona wazee Tanga. Yeye alizibeba zote akazipeleka kliniki binafsi, mwanawe akapimwe. Mtoto ana miaka tisa. Majibu yakatoka kwamba ana ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu, ile yenye pande zote mbili: umakini haukai na mwili hautulii. Ripoti ilikuwa na kurasa 14. Akaipeleka kwa GP, daktari wa familia wa mtaani, kesho yake asubuhi, akijua safari imekwisha. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya aya tatu ikisema kwamba wao hawaingii makubaliano ya matunzo ya pamoja na watoa huduma binafsi.

"Kwa hiyo wanasema mwanangu hana kitu? Wanasema nimenunua cheti?"

Barua haikusema hivyo. Ukiisoma mara ya pili unaona haikugusa kabisa swali la kama mtoto ana ADHD au hana. Ilizungumzia dawa, na nani atakayetia saini ya dawa hiyo kila mwezi. Nafanya kazi ya ukalimani hapa Uingereza, na nimewaona wazazi wa kutoka Mombasa, Unguja, Goma na Bujumbura wakiisoma barua ya aina hii kama alivyoisoma mdogo wangu. Mama anaona mwanawe amekanushwa, kumbe aliyeandika alikuwa akizungumzia mkataba wake wa kazi. Basi anakwenda kumdai GP aiamini ripoti. GP anajibu kwamba haikatai, ila dawa hawezi kuandika. Kila mmoja anabaki na hasira yake, na mtoto anabaki alipokuwa.

Nitakayoeleza ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao, na njia moja nitakayoitaja huko chini kwao haipo.

Neno moja, mambo matatu

Mzazi akisema anataka NHS, huduma ya afya ya umma, ikubali cheti, ndani ya neno hilo "kukubali" mna mambo matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Kuna kuandikwa. GP anaipokea ripoti, na kwenye rekodi ya mtoto inaingizwa kwamba ana ADHD, ametambuliwa na fulani, tarehe fulani. Hili mara nyingi halina ubishi iwapo aliyeandika ripoti ana sifa zinazotakiwa. Lakini halijifanyi lenyewe. Ripoti inaweza kukaa kwenye kompyuta kama picha iliyoskaniwa, imefunikwa na barua nyingine, na daktari wa zamu anayemuona mtoto kwa dakika kumi asijue kama ipo. Omba kwa maandishi kwamba utambuzi uingizwe kwenye rekodi, kisha baada ya wiki chache uliza kama umeingizwa.

Kuna dawa kutolewa na NHS badala ya mfuko wako. Hapa ndipo kwenye ugomvi, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Halafu kuna shule. Hili la shule, na naliandika kwa msisitizo kwa sababu wazazi wengi hawalijui, halihitaji GP akubali chochote. Nitalirudia.

Mkono wa GP unasita wapi

Dawa ambayo kwa kawaida watoto wa ADHD huanza nayo, kuanzia umri wa miaka 5, ni methilifenideti. Ni dawa ya kusisimua ubongo, na kwa sheria ya Uingereza imo kwenye kundi moja la udhibiti na mofini. Karatasi yake ya dawa inakwisha muda baada ya siku 28, na daktari anashauriwa asiandike ya zaidi ya siku 30 kwa mara moja. Kwa hiyo si kama antibayotiki, unaandikiwa leo ukaondoka nayo mambo yakaisha. Kila mwezi lazima mtu atie saini upya. Na kanuni ya GMC, baraza linalosajili madaktari, haina kona: anayetia saini ndiye anayebeba dhamana, hata kama aliyependekeza dawa ni daktari mwingine.

Mwongozo wa kitaifa wa ADHD, uliotolewa na taasisi ya NICE mwaka 2018, umegawa kazi hivi. Bingwa ndiye anayetambua hali, ndiye anayeanzisha dawa, na ndiye anayepandisha dozi kidogo kidogo mpaka ipatikane inayomfaa mtoto. Dozi ikishatulia, kuandika dawa na kufuatilia vipimo kunahamia kwa GP chini ya makubaliano ya matunzo ya pamoja, ambayo kwenye barua za Kiingereza utayaona yakiitwa shared care. Uzito wote uko kwenye hilo neno "pamoja". Bingwa haondoki. Angalau mara moja kwa mwaka mtoto aangaliwe na mtu mwenye ujuzi wa ADHD. Katikati ya mwaka urefu unapimwa kila miezi 6, uzito kila miezi 3 kwa mtoto wa miaka 10 kushuka chini, presha na mapigo ya moyo kila dozi inapobadilishwa na kila miezi 6. Dawa hizi zinaweza kukata hamu ya chakula, kupandisha presha, na kwa watoto wengine kupunguza kasi ya kukua. Mtoto akianza kukonda, GP anatakiwa awe na wa kumuuliza.

Niliwahi kutafsiri mazungumzo ya mama aliyelipia kupimwa tu, bila ufuatiliaji, akiamini ufuatiliaji ni kazi ya GP. Daktari hakuwa mkali hata kidogo. Alimuuliza kwa upole, "Nikiona presha ya mtoto imepanda, nimpigie simu nani?" Mama akanigeukia mimi. Sikuwa na la kutafsiri. Kliniki aliyoilipa ilikuwa imeshafunga faili.

Swali lile lilikuwa la haki, na ndiyo sababu nzito kuliko zote ya kukataliwa: GP anaogopa kuachwa peke yake na dawa asiyoisimamia, siku pesa za mzazi zitakapokwisha au kliniki itakapofungwa.

Halafu kuna mkataba. Kliniki nyingi za GP ni biashara ndogo zinazofanya kazi kwa mkataba na NHS, na matunzo ya pamoja hayamo katika mkataba wa msingi. Ni kazi ya hiari. Chama cha madaktari, BMA, kinawaambia wanachama wake kwamba wanaweza kuikataa, na Agosti 2024, GP walipoanza hatua za pamoja za kudai fedha zaidi, mojawapo ya hatua zilizoorodheshwa ilikuwa kujitoa kwenye kazi za hiari zinazoziba mapengo ya huduma nyingine. Baadhi ya bodi za afya za maeneo humlipa GP kwa kazi hii, nyingine hazilipi. Bodi hizo, ICB, zilikuwa 42 zilipoanzishwa Julai 2022, na kila moja ina sera zake. Ndiyo maana rafiki yako wa mji wa pili anakuambia GP wake alikubali bila neno, nawe wako amekataa, na hakuna kati yenu aliyedanganywa.

Tena imani imetikisika. Mei 2023 BBC ilitangaza uchunguzi wa mwandishi aliyejitokeza kwa video kwenye kliniki tatu binafsi, na zote tatu zikamwambia ana ADHD. Bingwa wa NHS aliyekaa naye ana kwa ana kwa saa tatu akasema hana. Yule alikuwa mtu mzima, si mtoto, na kliniki tatu si kliniki zote. Zipo binafsi zinazofanya kazi kwa uangalifu mkubwa, na daktari unayemlipa huko Jumamosi pengine Jumatatu yuko kazini NHS. Lakini tangu hapo ripoti ya kulipia inaingia kwa GP ikiwa na deni la kujithibitisha. Naona ni dhuluma kwa mzazi ambaye foleni ndiyo iliyomsukuma. Kwa makadirio ya NHS England, kufikia mwisho wa Machi 2025 watu hadi 549,000 walikuwa wakisubiri kupimwa ADHD, wengi wao watoto na vijana, na kuna waliokuwa wamesubiri zaidi ya miaka miwili. Mtoto aliyeingia foleni hiyo ana miaka saba anatoka ana tisa, hajui kusoma vizuri na ameshaamini kwamba yeye ni mjinga. Mzazi anayetoa akiba yake kuzuia hilo hanunui cheti.

Ripoti inayosimama

Kuna ripoti ambayo hata GP mwenye mashaka akiisoma hapati pa kuikamatia. NICE inataka anayetambua awe daktari bingwa wa magonjwa ya akili, bingwa wa watoto, au mtaalamu mwingine wa afya aliyefunzwa na mwenye uzoefu wa kutambua ADHD. Inasema pia kwamba fomu za maswali peke yake hazitoshi. Basi tazama kama ripoti imemtaja aliyemuona mtoto na namba yake ya usajili: daktari kwa GMC, mwanasaikolojia kwa HCPC. Kliniki inayotoa dawa iwe imesajiliwa na CQC, wakaguzi wa huduma za afya wa England. Yote haya unaweza kuyatafuta mwenyewe mtandaoni, bure, kabla hujatoa hata senti. Na ujue kwamba mwanasaikolojia anaweza kutambua ADHD lakini dawa haandiki. Ukimlipa yeye tu, bado utahitaji mtu mwingine.

Ndani ya ripoti iwemo historia ya mtoto tangu mimba, kukaa kwake, kutembea kwake, kusema kwake. Kigezo kinachotumiwa sana kina dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kutotulia na pupa. Mtoto atimize angalau 6 za upande mmoja, kwa miezi isiyopungua 6, baadhi zikiwa zimeanza kabla ya miaka 12, zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, na zinamvurugia maisha kweli. Ripoti ionyeshe pia kwamba wameuliza kama kuna kitu kingine kinachofanana na hiki: masikio, usingizi, kifafa kile cha kuduwaa sekunde chache, usonji, hofu, msiba, au vita ambavyo familia ilivikimbia.

Sisi tunapoangukia ni kwenye fomu.

Mzazi anapewa yake, mwalimu yake, kisha zinalinganishwa. Mdogo wangu aliniomba nimsomee yake. Tulikuwa jikoni kwake, anakoroga mchuzi, mtoto yuko chini ya meza anafungua kamba za viatu vyangu. Nikamsomea: je, mtoto huwakatiza watu wanapozungumza? "Hapana," akajibu upesi, "mwanangu ana adabu." Kwa dakika zile chache mtoto alikuwa ameshatukatiza mara nne. Mdogo wangu hakuwa akisema uongo. Swali la namna hiyo kwetu halisikiki kama swali la ubongo, linasikika kama swali la malezi, na hakuna mama atakayemwaibisha mwanawe kwenye karatasi ya watu. Nikaendelea: je, yuko mbiombio wakati wote, kama anayeendeshwa na injini?

Mwiko ukasimama mkononi. "Jini?"

Nikarudia: injini, ya gari. Lakini neno lilikuwa limeshafika pale anapopaogopa tangu mtoto ana miaka minne, bibi yake alipopiga simu kutoka Tanga akataka apelekwe kusomewa. Alisomewa, na dua si jambo la mtu kulionea haya. Ila tangu siku ile kila anayeuliza kuhusu mtoto humwona kama anayeuliza kile kile.

Nikaiweka fomu pembeni, nikamuuliza tunavyoulizana sisi. Ukimtuma chumbani alete kitu, anarudi nacho, au unamkuta amekaa kitandani anachezea kingine? Chakula anakila amekaa, au tonge moja na mzunguko mmoja wa sebule? Akicheza karata na binamu zake, anangoja zamu? Unamwita mara ngapi ndipo aitike? Hapo ndipo maneno yalipofunguka. Koti la tatu limepotea tangu Septemba. Kila asubuhi kiatu kimoja hakionekani na wanachelewa. Wiki iliyopita alikimbia barabarani bila kutazama na gari likafunga breki hatua mbili mbele yake, na mama yake hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu kwamba hakuwa amemshika mkono.

Fomu ya mwalimu ilikuja imejaa "mara nyingi sana". Yetu ingekwenda imejaa "hapana", na mtoto angeonekana ana matatizo na shule tu. Ukijaza fomu, usijaze kumtetea mtoto. Jaza mambo yanavyotokea, na pembeni andika mfano mmoja mmoja wenye siku na mahali. Kwenye miadi ya NHS mkalimani ni bure, na mtoto au kaka yake asigeuzwe mkalimani. Kliniki binafsi waulize mapema kama wanaye.

Kabla hujatoa pesa

Njia ambayo mdogo wangu hakuijua, na inaniuma kwamba mimi dada yake sikumwambia mapema, kwa Kiingereza inaitwa Right to Choose, haki ya kuchagua. GP akikubali kwamba mtoto anahitaji kupimwa, unaweza kuomba rufaa yake iende kwa mtoa huduma unayemtaka popote England, mradi awe na mkataba na NHS. Anaweza kuwa kampuni binafsi. NHS ndiyo inayolipa. Upande wa afya ya akili haki hii ilianza 2014, na bado kuna GP asiyeitaja mpaka uitaje wewe.

Faida yake si pesa tu. Daktari anaweza kuwa yule yule ambaye ungemlipa, lakini kwa kuwa amelipwa na NHS, ile sababu ya "hatufanyi kazi na binafsi" inapoteza nguvu. GP bado anaweza kukataa matunzo ya pamoja, kwani ni hiari, ila mara nyingi mtoa huduma huyo huendelea kumwandikia mtoto dawa mwenyewe kwa gharama ya NHS. Ulizia mambo mawili kabla hujachagua: kama wanaona watoto wa umri wa wako, na kama wanatoa dawa au wanapima tu kisha wanamrudisha. Foleni zao nazo zimerefuka, na bodi nyingine zimeanza kuwawekea ukomo. Hata hivyo jina la mtoto liingie. Na likiwa tayari liko kwenye foleni ya eneo lenu, muulize GP kama linaweza kuhamishwa.

Ukiamua kulipa hata hivyo, mwandikie GP kwanza, umtajie kliniki unayoitaka, umuulize kama ataingia nayo matunzo ya pamoja na kwa masharti gani. Jibu la maandishi. Mtu wa mapokezi akikuambia "bila shaka" kwenye simu, hilo si jibu. Kisha piga hesabu yote: kupima, miezi ya kupandisha dozi, miadi ya ufuatiliaji, ada ya kila karatasi ya dawa, na dawa yenyewe duka la dawa, ambayo kwa NHS mtoto wa chini ya miaka 16 haitozwi. Nimeona familia zilizolipia kupima zikakwama mwezi wa tatu wa dawa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kumpima mtoto Nairobi au Dubai wakati wa likizo. Ripoti ya huko inaweza kumsaidia bingwa wa hapa kama historia, hasa ikiwa ya Kiingereza na ya kina. Usitarajie GP aandike dawa kwa kuitegemea hiyo peke yake.

Kama umeshalipa na umekataliwa

Omba sababu kwa maandishi, sababu halisi. "Ripoti haionyeshi taarifa za shule" ni jambo la kurudi kliniki wakaliongeze, na wanapaswa kuliongeza. "Hakuna bingwa atakayeendelea kumfuatilia" ni jambo la wewe na kliniki kukubaliana ufuatiliaji wa mwaka na kumwonyesha GP karatasi yake. "Hatufanyi kabisa matunzo ya pamoja na binafsi" ni sera, na kubishana nayo ni kupoteza nguvu zako. Unaweza kuuliza kama kliniki nyingine ya GP mtaani inakubali, maana kuhama GP ni haki yako.

Kwa hiyo sera usigombane, omba jambo jingine: rufaa ya NHS, pamoja na ripoti. Hili ndilo wazazi wengi hawalitenganishi. Kukataa kuandika dawa ni jambo moja, kukataa kumpeleka mtoto kwa bingwa wa NHS ni jambo jingine kabisa, na la pili ni gumu sana kwa GP kulitetea. Rufaa inakwenda kwa huduma ya watoto ya eneo lenu, ambayo mahali pengine iko chini ya mabingwa wa watoto na pengine chini ya CAMHS, huduma ya afya ya akili ya watoto. Bingwa wa huko akiisoma ripoti anaweza kuikubali, anaweza kuomba kilichopungua, anaweza kuamua kupima upya. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa wanaochanganya NHS na malipo binafsi unasema wazi kwamba aliyelipia sehemu ya matibabu yake hapotezi haki yake NHS. Harukishwi foleni, wala harudishwi nyuma kwa adhabu.

Mtoto akiwa tayari ameanza dawa, usiagane na kliniki binafsi mpaka upande wa NHS umpokee kwa barua. Hapo katikati ndipo dawa inapokatika, na mtoto aliyekuwa ameanza kutulia darasani anarudi nyuma bila kosa lake. Muombe bingwa wako amwandikie GP barua fupi: dozi, vipimo vya mwisho, tarehe ya miadi ijayo, simu ya kumpata.

Malalamiko yana njia yake. Anza na meneja wa kliniki ya GP, au peleka kwa ICB, ambayo tangu Julai 2023 ndiyo inayopokea malalamiko ya huduma za GP, na usiporidhika yupo Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya, ofisi huru inayochunguza malalamiko. Yatumie rufaa ikikataliwa au barua zako zisipojibiwa. Hayatamlazimisha GP kutia saini dawa asiyotaka kuisimamia.

Shule haingojei

Mdogo wangu alikaa miezi minane bila kuiomba shule chochote kwa kuwa alikuwa akisubiri cheti. Hakukuwa na haja. Mwongozo wa serikali wa watoto wenye mahitaji maalumu, wa mwaka 2015, unaitaka shule imsaidie mtoto kwa mahitaji yake yanayoonekana. Haiwezi kukuambia lete cheti kwanza. Kila shule ya kawaida ya serikali ina mwalimu wa kazi hiyo, SENCO. Muombe kikao, nenda na mifano yako iliyoandikwa. Kukaa mbele mbali na dirisha, maagizo mafupi moja baada ya jingine, nafasi ya kuinuka na kutembea: hata NICE inataka mabadiliko ya namna hii yajaribiwe kabla ya dawa. Kwa hiyo shule ikianza leo, inaikomaza pia kesi yako kwa bingwa.

Msaada ukiwa hautoshi, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba tathmini ya mpango wa EHC, yaani mpango wa elimu, afya na matunzo. Halmashauri ina wiki 6 kuamua kama itatathmini, na wiki 20 kukamilisha yote ikiwa mpango utatolewa. Sheria ya Usawa ya 2010 nayo inatazama athari za hali kwa maisha ya mtu, si karatasi ya nani, na ripoti ya binafsi ni ushahidi kama mwingine. Vivyo hivyo DLA, posho ya mtoto mwenye ulemavu wa chini ya miaka 16, inapimwa kwa uangalizi anaohitaji. Tahadhari moja: kama viza yako inakukataza fedha za umma, usiombe DLA kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji. Elimu ya mtoto na msaada wa shule havimo kwenye katazo hilo, na kujiandikisha kwa GP ni bure kwa yeyote.

Mdogo wangu aliandika barua ya pili kwa GP, safari hii ya mistari sita, akiomba rufaa tu. Ilikubaliwa ndani ya siku kumi. Mwezi uliopita huduma ya watoto ya NHS ikajibu: wameisoma ripoti, wanataka fomu ya mwalimu ya muhula huu na kipimo cha masikio, kisha watampa miadi. Alinipigia tena saa mbili usiku. Alitaka nimsomee jina la kliniki ya masikio herufi moja moja, alinakili kwenye bahasha, na nyuma yake nilimsikia mtoto akiuliza kama kipimo hicho kinauma.